Mjadala: Hujawahi kukopa, je, ni haki udaiwe dipoziti ya umeme na televisheni?

Mleta mada (Dallas, Texas)

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulijadili hili bila kufichana, hasa sisi tulioko Marekani na ndugu zetu wanaojiandaa kuja.

Mwaka jana mwezi wa nane, siku tuliyokabidhiwa funguo za apatimenti, nilisimama jikoni na simu sikioni zaidi ya saa nzima. Umeme haujawashwa, friji iko wazi inanuka plastiki, watoto wamekaa juu ya masanduku wanajipepea kwa karatasi za mkataba wa nyumba. Nje joto limepita nyuzi 38. Dada wa kampuni ya umeme akachukua namba yangu ya hifadhi ya jamii, akanyamaza kidogo, akasema: "Mfumo haukuoni. Utalipa dipoziti ya dola 200 ndipo tuwashe." Jioni kampuni ya televisheni na intaneti nayo ikataka dola 100. Mfukoni nilikuwa na dola 340 za kutufikisha mshahara wa kwanza. Sina deni hata la shilingi moja. Mwanza nimetumia LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, miaka kumi na mbili, na kwa LUKU hata ukitaka kudaiwa huwezi.

Kwa asiyeujua mfumo: huku umeme, maji, gesi, simu na televisheni aghalabu unatumia kwanza, bili inafuata. Kwa hiyo kampuni inakuona mkopaji. Inauliza mashirika yanayotunza kumbukumbu za mikopo, na makubwa ni matatu, Equifax, Experian na TransUnion, nayo yanarudisha alama za kuonyesha unavyolipa madeni. Alama za FICO, ambazo ndizo zinazotumika sana, huanzia 300 hadi 850. Zikiwa juu unaunganishwa bila kutoa senti. Zikiwa chini, toa dipoziti. Asiye na alama kabisa naye anatiwa kapu moja na aliyekimbia madeni, maana ili alama ya FICO itoke ni lazima uwe na angalau akaunti moja ya mkopo iliyofikisha miezi sita. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi ataitoa wapi?

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ukilipa bili ya umeme kwa wakati mwaka mzima, kwa kawaida hakuna anayepeleka habari hiyo kwenye yale mashirika. Ukishindwa, deni likauzwa kwa wakusanya madeni, hapo linaandikwa, na linakaa miaka 7. Wema wangu hauna daftari, kosa langu lina daftari.

Msimamo wangu: mteja wa nyumbani aunganishiwe umeme bila dipoziti, na adaiwe dipoziti pale tu atakapokuwa ameshindwa kulipa. California imeshafanya hivyo: mwaka 2020 tume ya huduma za umma ya jimbo ilizikataza kampuni kubwa za umeme na gesi kudai dipoziti kwa wateja wa majumbani. Karibuni.

Mchangiaji (Houston, Texas)

Mkuu, pole sana kwa hayo, na nayasema haya kwa heshima. Nimekaa miaka minne kwenye simu za huduma kwa wateja wa kampuni ya umeme. Tazama upande wa pili wa meza. Mtu anaunganishwa mwezi wa sita, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana. Bili ya kwanza inatoka baada ya siku thelathini, anapewa wiki kadhaa za kulipa, halafu inakuja notisi ya kumkatia. Ukifika wakati wa kumkatia ameshatumia umeme wa miezi miwili na zaidi, ameshahama usiku, na kampuni ilishaununua ule umeme. Hilo pengo litajazwa na nani? Na wewe mleta mada, kwenye bei yako ya mwakani.

Halafu dipoziti haijawekwa kiholela. Hapa Texas kanuni za Tume ya Huduma za Umma ya jimbo zinasema isizidi makadirio ya bili za miezi miwili, au sehemu moja ya tano ya makadirio ya mwaka, ile iliyo kubwa. Ukilipa vizuri miezi 12 mfululizo, unarudishiwa pamoja na riba. Mzee wa miaka 65 na zaidi asiyedaiwa bili ya umeme halipi. Aliyekimbia ukatili wa nyumbani, akiwa na barua ya uthibitisho, halipi. Na ukionyesha kwamba ulikuwa mteja wa kampuni nyingine ndani ya miaka miwili iliyopita, hudaiwi, na katika miezi 12 ya mwisho hukuchelewa kulipa zaidi ya mara moja, hulipi. Watu hawaulizi.

Televisheni ndiyo kabisa. Fundi anapanda paa la nyumba yako, anakufungia dishi na ving'amuzi vya kampuni, mkataba wa miezi 24. Ukihama navyo je?

Mleta mada

Ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo? Yule dada alinisomea kiasi cha kulipa na namba ya kulipia, basi. Misamaha yote hiyo uliyoitaja hakutaja hata mmoja.

Kwenye vifaa vya televisheni nakubaliana nawe. Hicho ni chombo cha mtu, kukiwekea dhamana ni haki. Tena bila televisheni watoto watalala. Bila umeme mwezi wa nane Dallas, mtoto mchanga hawezi kulala.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Mimi niko nyumbani, labda sielewi. Kwani wasifunge LUKU yaishe? Huku king'amuzi nanunua mwenyewe, nalipia kifurushi cha mwezi, mwezi ukiisha picha inakata. Umeme nanunua tokeni kwa simu. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mikopo yangu.

Mchangiaji (Minneapolis, Minnesota)

Kaka, mfumo wa kulipa kwanza upo hata Texas, kuna kampuni zinazouuza bila dipoziti wala kuangalia krediti. Lakini usiutamani haraka. Mimi nalea wazee majumbani. Mwezi wa kwanza hapa tunafika nyuzi 25 chini ya sifuri na kushuka zaidi. Dar tokeni ikiisha saa nane usiku unafungua dirisha, unasubiri kupambazuke. Hapa tanuru likizima, hata la gesi linahitaji umeme kuendesha feni yake, mabomba ya maji yanaganda ukutani na mzee ndani yuko hatarini. Ndiyo maana jimbo hili lina kanuni ya msimu wa baridi, inayomlinda mtu asikatiwe joto akikubaliana na kampuni mpango wa kulipa kidogo kidogo. Bili ya mwisho wa mwezi ina huruma hiyo ndani yake, inampa mtu muda wa kupiga simu na kuomba. Tokeni haiombwi.

Nina neno na mleta mada pia. Umelalamika kwamba bili unazolipa vizuri hazihesabiwi. Je, unataka bili zote zipelekwe kila mwezi? Mimi sitaki. Bili ya Februari kwetu inapanda mno, na ninajua familia zinazoilipa kwa kuchelewa mwezi mmoja kila mwaka, wakifika Mei wamemaliza. Leo ucheleweshaji huo unabaki kati yao na kampuni. Ukiupeleka kwenye yale mashirika, familia hizo zitakosa nyumba na gari kwa sababu ya baridi. National Consumer Law Center, wanasheria wanaowatetea watumiaji wa kipato cha chini, wamelipinga jambo hili kwa miaka mingi kwa hoja hiyohiyo.

Mleta mada

Dada yangu, hapo umenishika, hilo sikuliwaza. Basi nirekebishe: zihesabiwe zile tu ambazo mteja mwenyewe ameridhia. Tangu 2019 Experian wana huduma ya namna hiyo: unaruhusu waone akaunti yako ya benki, bili za umeme, maji na simu ulizolipa vizuri zinaongezwa kwenye faili, ulizochelewesha haziingizwi. Ila faida yake inakaa kwenye faili la Experian peke yake. Kampuni ikiuliza kwingine, uko palepale.

Mchangiaji (Louisville, Kentucky)

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma, na hapa nawasaidia wageni wetu kusoma barua zao. Nyote mnabishana kama dipoziti iwepo au isiwepo. Mimi naomba mtazame faili lenyewe, kama ni la kwako.

Wengi wetu tuliandikishwa kambini kwa tarehe moja ya kuzaliwa, 1 Januari, kwa kuwa hakukuwa na cheti. Majina nayo yanafanana, leo limeandikwa hivi, kesho vile. Sasa chukua watu wawili, jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, jengo moja la apatimenti. Nilikaa mezani na mama mjane aliyeambiwa alipe dipoziti mara mbili ya jirani yake. Tulipopata ripoti yake tukakuta deni la simu la mtu aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu. Mama hakuwahi kumiliki laini ya mkataba maishani. Aliandika pingamizi, deni likafutwa, lakini wiki tano zilishapita na pesa ya chakula ilikuwa imekwenda kwenye maji na umeme.

Sheria ipo, tangu 1970. Kampuni ikikudai dipoziti kwa sababu ya ripoti ya mikopo, lazima ikupe taarifa: shirika lipi limetoa ripoti, kwamba una siku 60 za kuomba nakala bure, na kwamba unaweza kupinga kosa. Tangu 2011 alama yenyewe iliyotumika nayo lazima iandikwe. Tena wapo walioadhibiwa. Mwaka 2013 Time Warner Cable, kampuni ya televisheni ya kebo, ilikubali kulipa dola milioni 1.9 baada ya serikali kuishtaki kwamba ilikuwa ikiwatoza wateja wa alama za chini bila kuwapa taarifa inayotakiwa. Mwaka 2015 Sprint, kampuni ya simu, wakalipa dola milioni 2.95. Walikuwa wakiwaongezea wateja wa alama za chini dola 7.99 kila mwezi, na kwa madai ya serikali taarifa iliwafikia wengi muda wa kujitoa bila faini ukiwa umeshapita.

Na msiishie kwenye yale mashirika matatu. Kuna NCTUE, kumbukumbu wanazochangiana kampuni za simu, televisheni na umeme zenyewe. Unaweza kuwa safi kwa Experian na huku ukawa na doa pale. Nakala yako wanakupa bure ukiomba.

Mleta mada

Ubarikiwe. Nimeenda kuvuruga droo sasa hivi. Taarifa ipo! Ilikuwa kwenye bahasha niliyodhani ni tangazo la biashara. Imeandikwa Kiingereza cha mahakamani, ukurasa wa pili, herufi ndogo, kwamba hakuna faili la kutosha kutoa alama. Siku 60 zilishapita kitambo.

Ndugu wa Houston, nikuulize wewe uliyekaa kwenye ile simu. Siku ile ningekuletea risiti zangu za LUKU za miaka kumi na mbili, ungeziandika wapi?

Mchangiaji (Houston, Texas)

Nakujibu kwa ukweli. Pasingekuwa na pa kuziandika. Skrini yetu ilikuwa na rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Mteja akija na kijani tunamkaribisha, njano na nyekundu tunamsomea kiasi. Mtu asiye na faili alikuja njano, na hatukuwa na kitufe cha kubadilisha rangi. Bado naamini kampuni lazima ijilinde. Lakini kumweka asiyejulikana rangi moja na anayesuasua kulipa, hapo sina cha kukutetea. Andika malalamiko Tume ya Huduma za Umma ya Texas, ni bure na yanaandikwa mtandaoni. Eleza kwamba hukusomewa misamaha. Ukitaka, nitakusaidia kuyaandika, maneno wanayoyasikiliza nayajua.