Droni yangu ya kwanza hupinduka kabla hata haijaondoka chini

FundiWaLangoni (Lamu)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimemaliza kuunganisha droni yangu ya kwanza ya propela nne, ambayo ilinifikia vipande vipande: fremu ya kaboni ya propela za inchi 3, mota nne zisizo na brashi, bodi ya vidhibiti kasi, bodi ya kuongozea inayokaa juu yake, kipokezi cha rimoti, na betri ya lithiamu ya seli 3. Kulehemu kulinichukua jioni nne, kwa sababu mwanzoni nilifanyia kazi juu ya dari, na upepo wa kaskazi ulikuwa ukiipoza pasi kila ninapoigusisha kwenye waya mnene wa betri. Nilipohamia ndani ndipo risasi ikaanza kuyeyuka na kutulia ipasavyo.

Tatizo ni kwamba nikiiwasha, mota zote huzunguka, lakini nikipandisha kasi kidogo tu droni huyumba na kupinduka, mara upande wa kulia, mara mbele, hata haijapanda shubiri moja. Jana ilikata ukingo wa mkeka wa mama, na tangu hapo nimepigwa marufuku kuijaribu ndani ya nyumba.

Kuna mambo mawili ambayo huenda yakawasaidia. Tundu la USB lilizibwa na nguzo ya fremu, kwa hiyo niliigeuza bodi ya kuongozea robo duara ili nipate kuchomeka waya kwa upande. Pia mota ya nyuma kulia hupata moto kuliko wenzake, hata baada ya nusu dakika tu. Je, nimefunga propela vibaya, au ni hii hewa yetu ya chumvi?

BintiSabaki (Malindi)

Waaleikum salaam. Chumvi usiisingizie bado, kwani droni yako ni mpya, na kutu ya pwani huchukua muda kuingia kwenye saketi. Kabla ya jambo lolote, vua propela zote nne na usizirudishe mpaka kila kitu kithibitike mezani, maana hata propela ndogo ya inchi 3 hupasua kidole.

Kosa la propela lina dalili yake. Mota mbili zilizo pembe kwa pembe huzunguka kwa mwendo wa saa na mbili zilizobaki huzunguka kinyume, na kila moja inataka propela iliyopindwa kwa mzunguko wake. Ukikosea moja, pembe ile husukuma hewa juu badala ya chini, na kwa kawaida droni huangukia pembe hiyo hiyo kila mara. Yako huangukia huku na huku, jambo linalonielekeza kwenye ile robo duara uliyoitaja kana kwamba ni jambo dogo.

Bodi ya kuongozea ina mshale unaoonyesha mbele, na jairoskopu iliyomo ndani yake huhesabu kila mwinamo kwa kufuata mshale huo. Ukiigeuza bila kuiarifu programu, droni ikiinama kulia bodi huhisi kwamba imeinama mbele au nyuma, ikaongeza kasi ya mota zisizohusika, na kadiri inavyojirekebisha ndivyo inavyozidi kujipindua.

Iunganishe na kompyuta, fungua Betaflight, ambayo ndiyo programu ya kupangia bodi hiyo, kisha uiinamishe droni kwa mkono huku ukitazama picha yake kwenye skrini. Ukiinamisha pua na picha ikalala ubavu, umelipata kosa. Kwenye ukurasa wa mipangilio, andika nyuzi 90 katika mgeuko wa bodi. Picha ikienda kinyume, andika 270.

Ukimaliza, nenda kwenye ukurasa wa mota uziwashe moja moja, propela zikiwa bado zimevuliwa. Kwa mpangilio wa kawaida wa programu hiyo, namba 1 ni nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto na 4 mbele kushoto. Gusisha kipande cha karatasi kwenye ubavu wa mota utaona inazungukia wapi, na ikiwa moja inazunguka kinyume, badilisha nafasi ya waya wowote wawili kati ya mitatu yake. Mezani bila propela mota zinaweza kupandisha kasi zenyewe ukiongeza kidogo. Usishtuke, ni bodi inayojaribu kurekebisha mwinamo usiorekebishika.

MzeeWaSaketi (Lamu)

Nakubaliana na dada kuhusu bodi, ila mota yenye moto ni habari nyingine, na ningekusihi usiirushe droni kabla ya kuichunguza. Mara nyingi skrubu zinazofunga mota kwenye mkono wa fremu huwa ndefu mno, zikapenya mpaka kwenye nyaya za shaba zilizozungushwa ndani na kuchuna rangi inayozikinga. Chomoa betri, weka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya mlio, ncha moja juu ya kichwa cha skrubu na nyingine kwenye waya wa mota hiyo. Ikilia, skrubu imegusa.

Kisha, unaporudisha betri kwa mara ya kwanza, ipitishie umeme kwenye balbu ya pikipiki ya volti 12 iliyofungwa kwenye waya chanya. Balbu ikimemeta na kuzima, salama. Ikibaki inawaka sana, kuna mahali nyaya zimekutana, na balbu hiyo itakuwa imekuokolea bodi zako.

FundiWaLangoni

Mzee wangu na dada yangu, ahsanteni sana. Picha ililala ubavu kama alivyosema dada, na nyuzi 270 ndizo zilizoiweka sawa. Na mita ililia kwenye skrubu mbili za mota ya nyuma kulia. Nilizichomoa nikamulika kwa tochi nikaona alama mbili ndogo zinazong'aa kwenye shaba. Je, mota hiyo bado inafaa?

MzeeWaSaketi

Shaba ikishaonekana, mimi ningenunua mota nyingine. Nyaya hizo za shaba zikigusana angani, kidhibiti kasi huungua pamoja nayo, na hicho ndicho kitu ghali zaidi.

BintiSabaki

Naongeza mawili. Betri usiichaji chini ya makuti wala ukiwa umelala. Iweke juu ya sakafu ya mawe, na ukiwa huitumii iache kwenye volti 3.8 kwa kila seli, si ikiwa imejaa. La pili ni kibali: droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya chini ya kanuni za mwaka 2020, nawe unaishi ng'ambo tu ya uwanja wa ndege wa Manda, kwa hiyo waulize mapema ni wapi unaruhusiwa kurusha. Sisi wa Malindi, ambao uwanja wetu uko karibu na mji, tunalijua hilo vizuri. Ukipata ruhusa ya ufukweni, tandika ubao wa kuondokea, kwa maana sumaku za mota huzoa chembe za mchanga.

FundiWaLangoni

Mota mpya nimeiagiza. Skrubu fupi sikuzipata madukani hapa, kwa hiyo nimeweka washa (kile kipete bapa cha chuma) moja chini ya kila kichwa cha skrubu ili isipenye ndani sana kwenye mota zote nne, nikapima upya, na mita haikulia popote. Mkeka wa mama nao nimeupeleka kushonwa.