Antivairasi ya kulipia au Defender inatosha? Bitdefender, Norton, ESET, Kaspersky, tulinganishe

Kibodi_Mbovu:
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta tatu nyumbani, yangu mpya ya Windows 11, nyingine wanatumia watoto kwa masomo na magemu (magemu zaidi), halafu kuna laptopu ya zamani ya bimkubwa, RAM 4GB na diski ile ya kuzunguka. Sasa ile mpya ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda umeisha na kila nikiwasha inanitishia na kidirisha chekundu eti niko hatarini nilipie. Nimechuja nimebaki na Bitdefender, Norton, ESET na Kaspersky, ila kuna jamaa yangu anasema hizo zote ni kutupa hela, Defender inayokuja na Windows inatosha. Mnaozijua nisaidieni, na tafadhali msinijibu "zote sawa tu".

fundi_kimya:
Mkuu kabla hujachagua chochote, hiyo iliyoisha muda itoe leo. Defender ikiona kuna antivairasi nyingine imejisajili kwenye Windows inakaa pembeni yenyewe, na usitegemee kwamba leseni ya mwenzake ikiisha tu itarudi kazini dakika hiyo hiyo. Fungua Windows Security uende kwenye ulinzi wa virusi, utaona jina la programu inayolinda mashine kwa sasa. Kama ni jina la hiyo iliyokufa basi hujalindwa vizuri. Na ukishaitoa kwa njia ya kawaida tafuta kifutio maalum cha kampuni yenyewe, Norton, McAfee, Avast, ESET wote wanacho, maana huwa zinaacha mabaki ya dreva huko chini yanakuja kugombana na utakayoweka baadaye.

Kuhusu swali lenyewe, jamaa yako hajakosea sana. Defender ya sasa sio ile ya zamani ya kuchekwa. AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani wanatoa pointi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua mtumiaji, na mara nyingi tu Defender imepata 18 kamili au pungufu kidogo, meza moja na hizo za kulipia. Udhaifu wake upo sehemu mbili. Inategemea sana seva za Microsoft, kwa hiyo mashine isiyo na intaneti mtu akachomeka flashi yenye uchafu, uwezo wake wa kukamata unashuka. Ya pili, ile SmartScreen inayozuia tovuti feki imekaa vizuri ndani ya Edge, brauza ya Microsoft, ukitumia Chrome au Firefox unabaki na kinga ya brauza yenyewe, ambayo sio mbaya, ila ndo hivyo.

dada_wa_faili:
Fundi umesema vizuri lakini umejibu kama vile watu wote wanatumia kompyuta kama wewe. Hapo kuna watoto na mzazi. Hao hawaibiwi na virusi, wanaibiwa na linki, mtu kabofya tangazo la "kompyuta yako ina virusi piga namba hii" au kaingiza paswedi kwenye ukurasa feki wa barua pepe. Bitdefender inakagua linki bila kujali uko brauza gani na hapo ndo naona hela inafanya kazi. Injini yao ni nzuri kiasi kwamba kampuni nyingine zinaikodi na kubandika majina yao juu.

Lakini msidanganywe na ile orodha ndefu kwenye boksi. VPN (ile ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni) inayokuja na Total Security, kifurushi chao cha kulipia, ni MB 200 kwa siku, hiyo video moja tu ya maana imekwisha. Ya kutunza paswedi, utapata nzuri ya bure nje kama Bitwarden. "Kusafisha mashine" sijui "kuongeza spidi", hayo ni mapambo, usiyahesabu kabisa unapolinganisha.

penguini:
Weka Linux badala ya Windows. Nimemaliza.

dada_wa_faili:
Penguini na magemu ya watoto utakuja kuyafanyia sapoti wewe?

mzee_wa_modemu:
Vijana mnalinganisha majina, linganisheni wenye mali. Avast waliinunua AVG 2016. Norton wakaichukua Avira, halafu 2022 wakaungana na hao hao Avast, sasa wote wako chini ya kampuni moja inaitwa Gen Digital. Kwa hiyo mtu akikwambia nimehama Norton nimekwenda Avira, kabadilisha chumba, nyumba ile ile. Na ya bure msidhani ni sadaka. Avast walikuwa na tawi linaitwa Jumpshot likiuza data ya tovuti wanazotembelea watumiaji, likafungwa 2020 baada ya waandishi wa habari kulianika, na 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5. Programu inayoona kila ukurasa unaofungua, lazima uulize inakula nini.

Kaspersky sasa. Kwenye maabara inakamata vizuri sana, hilo hakuna anayebisha. Shida ni siasa, maana ni kampuni ya Urusi. Ujerumani mwaka 2022 idara yao ya usalama wa mitandao ilishauri watu wahame, Marekani 2024 wakapiga marufuku kuiuza na kuipa apdeti nchini mwao. Wenyewe wanakana, na walishahamishia sehemu ya data zao Uswisi. Mimi sisemi ni wabaya, nasema antivairasi inaishi kwa apdeti, na sipendi kulipia leseni ya mwaka ya kitu ambacho kinaweza kukatiwa apdeti kwa tangazo la serikali.

Kibodi_Mbovu:
Aisee mzee asante, hilo la Norton na Avira sikulijua kabisa. Na ile laptopu ya bimkubwa? Ikiwaka tu diski inanguruma robo saa.

fundi_kimya:
Kwa mashine dhaifu kwenye hiyo listi yako ningechukua ESET, wale wa Bratislava, ni nyepesi miaka yote na haina makelele ya matangazo. Ila nikuambie ukweli mkuu, diski ya kuzunguka na RAM 4GB antivairasi yoyote utailaumu bure. Weka SSD kwanza, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Halafu angalia ina Windows gani. Kama ni 10, Microsoft walifunga sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na kama hujaisajili kwenye ule mpango wao wa apdeti za nyongeza basi matundu ya usalama yanayogunduliwa sasa hayazibwi. WannaCry ya Mei 2017, ile iliyofunga mafaili ya watu na kudai hela, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishalitolea kiraka Machi, miezi miwili kabla, walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameapdeti.

dada_wa_faili:
Na yoyote utakayolipia, zima kulipa kiotomatiki siku hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza wanakupa punguzo la kukulevya, wa pili wanakata bei kamili kwenye kadi kimya kimya. Kuna moja, jina nalihifadhi, kitufe cha kuzima walikificha kurasa tatu ndani na kila ukurasa unakuuliza una uhakika kweli.

Kibodi_Mbovu:
Sawa, naelekea hivi: Defender kwangu, Bitdefender kwa watoto, ya bimkubwa SSD kwanza halafu ESET. Je ransomware, ile ya kufunga mafaili mpaka ulipe? Hiyo ndo inanitisha, picha zote za familia ziko kwangu.

mzee_wa_modemu:
Defender ina kitu cha kulinda folda, kimezimwa tangu kiwandani, kiko hapo hapo Windows Security sehemu ya ransomware. Ukikiwasha programu isiyojulikana haiwezi kuandika kwenye Documents wala Pictures. Kitakusumbua wiki ya kwanza, kuna programu halali zitagoma kusevu, unaziruhusu moja moja. Lakini picha weka nakala kwenye diski ya nje, na ukimaliza ichomoe. Diski iliyochomekwa muda wote ransomware inaifunga pamoja na zingine.

Kibodi_Mbovu:
Nimerudi. Nimetoa ile ya majaribio na kifutio chake, Defender imerudi. Ila kwenye mashine ya watoto bado kona ya chini kulia kinatokea kiboksi kinasema McAfee imeona virusi 5, na McAfee haijawahi kuwekwa humo!

dada_wa_faili:
Soma maandishi madogo chini ya hicho kiboksi. Yanasema Chrome na jina la tovuti ya ajabu ajabu, sivyo? Hiyo sio McAfee, ni arifa ya tovuti, mtoto alibofya "ruhusu" mahali. Nenda mipangilio ya Chrome, faragha, mipangilio ya tovuti, arifa, futa kila usichokijua halafu zuia tovuti zisiombe tena.

Kibodi_Mbovu:
Zipo kibao humo! Nyingine hata jina halisomeki. Nafuta zote.