Hivi bila dini tusingekuwa na maadili wala maendeleo?

Nyundo Butu
Wakuu, habari za majukumu. Leo naomba tujadiliane bila jazba. Najua haiwezekani, ila nimeomba.

Toka Kimara mpaka Ubungo utazame mabango. Mkesha huu, nabii yule, mtume mwingine na chupa ya maji mkononi. Misikiti nayo haijapungua. Ijumaa mchana barabara imejaa kanzu, Jumapili asubuhi imejaa suti. Kama dini ndiyo inayoleta maadili, basi Dar ungesahau pochi kwenye daladala na kesho yake ukaikuta kwa konda, haijaguswa. Sasa nenda Denmark. Kila mwaka wako juu kabisa kwenye ile orodha ya Transparency International ya nchi zenye rushwa kidogo, na watu wake kanisani wanaonekana kwenye ubatizo na maziko tu. Hawana dini wale.

Ninavyoona mimi, maadili yanaletwa na sheria inayofanya kazi, shule, na tumbo lililoshiba. Dini ni mapambo. Anayebisha anieleze kwa nini bei ya fungu la magimbi hupanda siku moja kabla ya mwezi mtukufu, na wauzaji ni waumini haohao. Karibuni.

Mtumishi wa Kimara
Bwana asifiwe. Ndugu Nyundo, umeteleza mlangoni. Hiyo Denmark unayosema haina dini ina kanisa la taifa, la Kilutheri, na limeandikwa ndani ya katiba yao. Mfalme wao lazima awe muumini wa kanisa hilo. Bendera yao ina msalaba, sijui ulidhani ni nini. Sisi ndio ambao ibara ya 3 ya katiba inasema nchi haina dini. Kwa hiyo kwa mfano wako mwenyewe, nchi yenye dini ndiyo safi na isiyo na dini ndiyo hii unayoilalamikia. Chukua hiyo.

Halafu wasio na dini kweli tunawajua. Albania ya Enver Hoxha, mwaka 1967 walifunga makanisa na misikiti yote, wakajitangaza nchi ya kwanza duniani isiyomwamini Mungu. Kambodia ya Pol Pot, 1975 mpaka 1979, watawa wa Kibudha walivuliwa majoho wakapelekwa mashambani na wengi wakauawa. Hayo ndiyo maadili ya tumbo na shule?

Mama Shuu Mabibo
Mimi ya Albania siyajui. Nilikuwa napita tu, nimefika hapo kwenye magimbi nikasimama.

Kaka Nyundo, umewahi kuamka saa nane usiku kusubiri lori la Tukuyu? Lije limechelewa, mvua imekata njia. Ufungue gunia, ya juu mazuri, ya katikati mazuri, ya chini unabonyeza kidole kinazama. Hayo nimuuzie nani, mama yako? Hasara yake naitafuta kwenye yale mazima. Ramadhani wateja wanajaa, magimbi hayajai. Huko shambani nako wanajua mwezi unaandama lini, bei imeshapanda hujafungua hata mdomo. Nikifika sokoni nalipa wa kushusha, nalipa ushuru, nalipa mlinzi. Halafu saa kumi na moja na nusu jioni unakuja wewe, umetoka kwenye kiyoyozi, unaninunia. Na mimi NIMEFUNGA. Usinifanye mfano wa kukufuru kwako.

Gongolamboto Mwisho
Mama Shuu pole na kazi, lakini tusemeshane ukweli. Mwisho wa Shaabani fungu lilikuwa na vipande vitano. Mwezi ulipoandama, vitatu. Na ni magimbi yaleyale, kwenye meza ileile, nilipita jana yake nikayaona kwa macho yangu, moja lina kovu la jembe. Lile halikuja na lori jipya, lilikesha palepale likaamka na bei yake.

Mama Shuu Mabibo
Na lori linalofuata nitalilipa kwa bei ya jana au ya kesho? Jibu hilo kwanza.

Binti Mzaramo
Hahaha Gongolamboto umekwisha.

Ustaadhi wa Barazani
Assalaam alaykum warahmatullah. Naona mnagombana kwa jambo ambalo lina majibu.

Zama za Mtume (s.a.w.) bei zilipanda Madina. Watu wakamwendea wakamwomba awapangie bei. Alikataa, akasema mpanga bei ni Mwenyezi Mungu. Imo kwa Abu Daud na kwa Tirmidhi. Kilichokatazwa ni kuhodhi chakula ukingoja watu waumie, na kupunja vipimo, ambako kumeshushiwa sura nzima, Al-Mutaffifin. Sasa fungu la vipande vitatu lililowekwa wazi, mteja ana macho, hakuna kupunja hapo. Ila iko hadithi nyingine kwa Muslim: Mtume alipita sokoni akatumbukiza mkono kwenye lundo la chakula, chini akakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone, akasema anayeghushi si katika sisi. Kwa hiyo Mama Shuu, wewe unajua yale yanayozama kidole unayaweka wapi. Sikutuhumu, dada yangu.

Mama Shuu Mabibo
Unanituhumu Ustaadhi. Nayatupa. Waulize mbuzi wa Mabibo.

Nyundo Butu
Ustaadhi, nakushukuru, umenisaidia mimi. Umechukua hadithi tatu ukazichambua kwa akili yako ukaamua ipi inahusu magimbi. Iliyofanya kazi hapo ni akili.

Nikuulize wewe na Mtumishi kwa pamoja. Kupunja ni kubaya kwa sababu Mungu kakataza, au Mungu kakataza kwa sababu ni kubaya? Ukisema la kwanza, basi angeruhusu tungepunjana kwa raha zetu. Ukisema la pili, ubaya ulikuwepo kabla ya katazo, na tungeweza kuujua bila kuambiwa. Plato alimwandika Socrates akiuliza kitu kama hiki karibu miaka mia nne kabla ya Yesu, na mpaka leo watu wanazunguka.

Gongolamboto Mwisho
Hilo swali ni refu. Mimi nataka kusema tu isionekane ni Waislamu peke yao. Desemba nendeni stendi mkapande basi la Moshi. Mamlaka inatangaza nauli, tiketi inaandikwa nauli halali, na mkononi unatoa nyingine. Mpigadebe anakwambia "kama hutaki shuka, Krismasi ule Mbezi". Kioo cha mbele kimeandikwa Yesu ni Bwana kwa herufi kubwa kuliko jina la basi.

Mangi Mkorofi
Nilijua tutafika huku. Kila mada humu lazima Wachagga waguswe. Tukitafuta hela tatizo, tukienda kwetu kuhesabiwa tatizo.

Binti Mzaramo
Kaka, hakuna aliyetaja Wachagga. Umejitaja.

Mangi Mkorofi
Kasema Moshi.

Gongolamboto Mwisho
Moshi wanakwenda hata Wapare wanaoshukia njiani. Na wanaoumizwa na hiyo nauli ni nyie, nilikuwa nawatetea!

Mangi Mkorofi
Hatujaomba wakili. Na wenye mabasi wengine si wa kwetu, fanya utafiti kwanza.

Msomi Asiye na Ajira
Mnaacha mambo mazito mnajadili nauli. Rwanda 1994. Karibu nchi nzima ilikuwa ya Wakristo. Watu walikimbilia makanisani wakijua pale hawaguswi, wakauawa humohumo. Kuna padri mmoja, jina limenitoka, alihukumiwa hapahapa Arusha kwa sababu kanisa lake lilibomolewa kwa buldoza na waumini wakiwa ndani. Mtumishi, nijibu kwa hilo, usinipeleke Kambodia.

Mtumishi wa Kimara
Athanase Seromba, parokia ya Nyange. Rufaa ilimpandishia ikawa kifungo cha maisha, 2008. Jina halijanitoka mimi, kwa sababu linaniuma kuliko linavyokuuma wewe.

Lakini tazama unachokifanya. Unamshangaa padri kuua kwa sababu unajua aliapa kitu gani. Ukimwita mnafiki, tayari kuna kipimo umemshushia, na kipimo hicho kakifundisha yeye mwenyewe kila Jumapili. Hoxha alipofunga watu hakuna amri ya kwake aliyoivunja. Utamwita mnafiki wa nini?

Msomi Asiye na Ajira
Waliokuwa chini ya lile kanisa haikuwasaidia chochote kwamba muuaji wao alikuwa na kipimo.

Binti Mzaramo
Mmh. Hapo pazito.

Mtumishi wa Kimara
Na maendeleo nayo mmeyasahau, ndiyo mada yenyewe. Nani alijenga hospitali ya Bugando? Nani alifungua shule ambazo baadhi ya mawaziri wa kwanza walipita? Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha shule ya Pugu kwa mapadri. Nadharia kwamba ulimwengu wote ulianza kwenye kitu kimoja kidogo kikapanuka, Georges Lemaître aliyeileta alikuwa padri wa Ubelgiji. Aljebra mnayoichukia ni ya al-Khwarizmi wa Baghdad, na yeye alianza kitabu chake kwa jina la Mwenyezi Mungu. Msitutoe kwenye historia.

Nyundo Butu
Na satelaiti ya kwanza duniani, 1957, ilirushwa na Warusi walioyageuza makanisa kuwa maghala. Kwa hiyo sare.

Babu wa Pugu
Vijana, nimewasoma tangu juu. Mnagombea kitu ambacho wageni walikikuta. Dini zote mbili mnazozipigania zilishuka kwenye jahazi na meli. Kabla ya hapo watu waliishi, walioana, walidaiana na kulipana. Mtu alikuwa na kwao pa kuaibika. Akiiba, anaulizwa mjomba wake. Kulikuwa na miiko, na mwiko hauhitaji askari. Leo ukiiba unahamia Chanika, unapanga chumba, unaanza upya, hata jirani hajui jina lako. Hilo ndilo lililoua maadili Dar, si wingi wala uchache wa sala.

Na Mwalimu mliyemtaja, alikuwa Mkatoliki wa misa kila siku, mpaka jimbo la Musoma likaanzisha mchakato wa kumtangaza mwenyeheri. Huyohuyo ndiye aliyetukalisha kwenye "serikali haina dini". Sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ni ile ya 1967. Mtu wa dini aliona dini ikae mbali na daftari. Fikirini alikuwa anaogopa nini.

Binti Mzaramo
Babu shikamoo. Nakubaliana nawe kwenye aibu, nyumba yetu ya kupanga sijui hata wa chumba cha pili anafanya kazi gani. Lakini mila hizo usizipake rangi. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wanauawa kwa kuwa na macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Wenye ualbino nao wamekatwa viungo. Hilo halikuja na jahazi.

Babu wa Pugu
Marahaba mwanangu. Waliowatuma wauaji hao ni wapiga ramli, na ramli ni biashara. Mila ilikuwa na wazee wa kuwakemea. Lakini sitabishana nawe sana, umesema kweli inayouma.

Msomi Asiye na Ajira
Babu kasema "ni biashara", Mtumishi naye atasema padri "alikuwa mtu mmoja", Nyundo atasema Hoxha "alikuwa kichaa". Kila upande una mlango wa nyuma wa kutolea wachafu wake.

Mangi Mkorofi
Na Wachagga peke yao ndio hawana mlango.

Mkulima wa Gairo
Habari za jioni. Sikuwa na nia ya kuandika, ila Mama Shuu kasema huko shambani bei inapanda kwa sababu tunajua mwezi unaandama. Mama, mimi nalima viazi vitamu. Mwezi ukiandama kinachopanda ni gunia.

Lumbesa imepigwa marufuku siku nyingi, kila mtu anajua. Mnunuzi anakuja na gunia lake, akishalijaza anaweka nyavu juu, anapanga viazi kwa mkono, kimoja kimoja kama anajenga ukuta, anashona na kamba. Kichwa kinasimama. Nalipwa gunia moja, linaondoka moja na nusu. Wa mwaka juzi aliniomba maji ya kutawadha katikati ya kushona, nikampa, akasali pembeni ya kile kichwa, akarudi kumalizia. Aliyemfuata alikuwa na rozari shingoni, na kichwa cha gunia lake kilikuwa kirefu zaidi.

Kilichonisaidia ni mizani. Tuliungana wakulima tukasema hapa ni kilo tu. Siku ya kwanza walitukasirikia, ya pili wakapima. Kwenye mizani Mungu hatajwi na mtu yeyote, tunasoma namba.

Nyundo Butu
Huyu mzee apewe uprofesa. Nimemaliza.

Ustaadhi wa Barazani
Hujamaliza. Nani anaiangalia mizani usiku isilegezwe spring'i? Na yule anayeiangalia, nani anamwangalia yeye? Mwisho wa safari utamkuta mtu mmoja peke yake na mizani, hakuna wa kumwona. Huyo ndiye dini inazungumza naye.

Mkulima wa Gairo
Ustaadhi, tumeweka mizani mbili. Zikitofautiana tunajua.

Mtumishi wa Kimara
Hata Mithali inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mzee wa Gairo, unafanya neno la Mungu bila kujua.

Mkulima wa Gairo
Basi mwambieni aliyekuja na rozari.

Mama Shuu Mabibo
Mkulima, mimi nauza magimbi, sinunui viazi vya Gairo. Usinichanganye na hao wa kushona nyavu.

Mkulima wa Gairo
Sijakuchanganya mama. Huko Tukuyu unanunua kwa gunia au kwa kilo?

Mama Shuu Mabibo
Kwa gunia. Na wewe unaniuliza kama nani?

Gongolamboto Mwisho
Gunia lenye kichwa au lisilo na kichwa?