Seti ya dakika 5 kwa mchekeshaji chipukizi: nikate wapi, na maoni ya nani niyafuate?

Mwanagenzi_Temeke:

Wakuu, habari zenu. Kuna usiku wa wachekeshaji chipukizi hapa Dar, kila mtu anapewa dakika 5, na ukishuka wenzako wanakuchambua nyuma ya ukumbi. Nimeandika vichekesho sita, jumla maneno kama 720. Naombeni msaada kwenye urefu, mpangilio, na namna ya kuchuja maoni, maana watu kumi watakupa ushauri wa aina kumi. Cha kufungulia ni hiki, kichinjeni bila huruma:

"Mimi nyumbani nina paka. Huyu paka ni msumbufu sana. Nikichelewa kurudi ananuna. Chakula lazima aanze yeye. Kitandani analala yeye, mimi kwenye kochi. Yaani anafanya kama mke wangu vile, jamani."

Nawasilisha.

Kalamu_na_Maiki:

Mkuu, maneno 720 hayaingii. Jukwaani ukisema taratibu unatumia maneno 100 hadi 120 kwa dakika, na hapo watu hawajacheka. Kicheko nacho kinakula muda. Shusha mpaka 450, ujipangie kumaliza kwenye dakika 4 na nusu. Vichekesho sita ni vingi, baki na vitatu au vinne vyenye mikia, yaani sentensi fupi ya nyongeza inayoleta kicheko kingine baada ya kile cha kwanza.

Sasa huyo paka. Umemtaja kwenye sentensi ya kwanza, kwa hiyo kila kinachofuata ni maelezo tu, hakuna mtego. Kiswahili kimekupa zawadi hapa na wewe umeitupa: "a-" haisemi ni mwanamume au mwanamke, wala haisemi ni mtu au mnyama. "Ananuna" anaweza kuwa yeyote. Acha ukumbi udhani ni mke, uwafungulie mwishoni:

"Nikichelewa kurudi, ananuna. Chakula, lazima aanze yeye. Juzi kanifukuza kitandani, nimelala kwenye kochi. Mama akaniambia, mwanangu, mrudishe kwao. Nimrudishe wapi, mama? Nilimuokota Feri, anakula vichwa vya samaki."

Neno paka halipo kabisa na kila mtu kamwona. Halafu mkia: "Mahari yenyewe dagaa wa mia tano." Huo mkia hauhitaji maandalizi mapya, ndiyo maana ni rahisi, unapata kicheko cha pili kwa maneno sita.

Angalia pia "yaani" na "jamani" zako. Neno linalofyatua mtego liwe la mwisho, kisha funga mdomo. Ukisema "vichwa vya samaki, yaani, si mnaelewa," watu wanakusikiliza badala ya kucheka.

Bint_Kisauni:

Kalamu kasema kweli, ila mtego wa "a-" una mpaka wake. Unafanya kazi kwa watu na wanyama tu. Ukitaka kuficha gari, friji au simu, kiambishi kitakusaliti: ukisema "linanisumbua" ukumbi umeshajua si mtu. Kipe kitu jina la mtu mapema, "mwenzangu" au "mzee", halafu upatanisho unafuata jina hilo bila uongo.

Na kichekesho hubadilika kwa mji. Feri ya Dar ni soko la samaki, ila hapa Mombasa ukisema Feri watu wanafikiria kivuko cha Likoni, wataona foleni badala ya samaki. Nairobi peleka Gikomba, na dagaa iwe omena. Kubadilisha maneno mawili ni kazi ndogo. Ukumbi ukianza kujiuliza umemaanisha nini, kicheko kimeshapita.

Fundi_Spika:

Mimi naongelea vyombo, maana wengi hubuma kwa maiki na siyo kwa vichekesho.

Maiki nyingi za kumbi ni za aina ya SM58, zinachukua sauti ya mbele na kuikataa ya nyuma. Ukikaba kichwa cha maiki kwa kiganja kama waimbaji wa rap, unaziba matundu ya nyuma ya wavu, inaanza kuchukua sauti ya kila upande pamoja na ya spika, na mluzi unaanza. Shika mpini. Weka mdomo umbali wa vidole viwili hadi vitatu, na ukigeuza kichwa geuza na maiki. Usisogee mbele ya spika.

Ukifika jukwaani, toa maiki, kisha hamisha stendi nyuma yako kabla ya kuanza. Stendi ikibaki katikati inakukata mwili.

Muulize MC ishara ya muda ni ipi. Mara nyingi ni taa au simu inayomulikwa kutoka nyuma ya ukumbi ukibakiza dakika 1. Ukiiona usianze kichekesho kipya, ruka moja kwa moja kwenye cha mwisho.

Kalamu_na_Maiki:

Mpangilio: cha pili kwa ukali kiwe cha kwanza, kikali kuliko vyote kiwe cha mwisho. Cha majaribio kaa nacho katikati. Kicheko cha kwanza kipatikane ndani ya sekunde 15 hadi 20, kwa hiyo futa "mambo vipi Temeke, mko poa, sisikii."

Kuhusu maoni, shahidi wa kwanza ni rekodi. Weka simu mezani kati ya watu, mfukoni inasikika sauti yako tu. Kesho yake andika kila sentensi uliyosema, siyo uliyokusudia, na kando weka alama: 0 kimya, 1 wachache, 2 wengi, 3 ukumbi mzima. Sehemu yoyote yenye sekunde 25 za alama 0 tu, kata. Chipukizi akifikisha vicheko 4 kwa dakika, yuko vizuri.

Rekodi pia inakuonyesha kosa ni la maandishi au la utoaji. Kicheko kinachokatika ghafla ukianza kusema, umekikanyaga; subiri kianze kushuka ndipo uendelee. Wakicheka kabla hujafika mwisho, wameshabashiri, mtego uko wazi. Akicheka mmoja, kisha wengine polepole, kuna taarifa iliyochelewa kuwafikia, irudishe mbele.

Bint_Kisauni:

Wenzako usiwaulize "nilikuwaje?" Watasema "freshi" na utarudi nyumbani mtupu. Uliza: ulinipoteza wapi? Mwisho wa kile cha paka uliubashiri? Neno gani hukulisikia? Andika majibu, usijitetee. Kichekesho kinachohitaji ufafanuzi nyuma ya ukumbi kilihitaji sentensi moja zaidi jukwaani.

Watu wanaonyoosha kidole mahali pamoja, waamini kuhusu mahali. Dawa wanayokupa siyo lazima uimeze. Wengi wanakuandikia kichekesho ambacho wangekisema wao. Mwenzako akikupa mkia mzuri, muulize kama ni zawadi, maana huenda anautunza kwa ajili yake. Na rafiki zako wa meza ya mbele wasihesabiwe.

Mwanagenzi_Temeke:

Asanteni sana, nimeshafika maneno 460. Swali la mwisho: kikibuma kimoja katikati, nafanyaje? Na nikitupe?

Fundi_Spika:

Usiwalaumu watu, na usiongeze kasi. Vuta pumzi moja, nenda kinachofuata.

Kalamu_na_Maiki:

Usikitupe usiku mmoja. Kijaribu kumbi tatu, na kila mara badilisha kitu kimoja tu: mara hii neno la mwisho, mara nyingine urefu wa mtego. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kilichosaidia. Zikipita tatu na alama bado 0, kirudishe daftarini, ule mkia wa dagaa unaweza kuuhamishia kwingine. Ila vichekesho vya WhatsApp usipande navyo kabisa, mtu wa kiti cha tatu atakumalizia sentensi.