Tupa yangu imeandikwa BASTARD, hili ni tusi au jina la kifaa?

Fundi Geti Mwanjelwa
Wakuu ugonile, na kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa na Njombe. Mimi ni fundi wa mageti na grili hapa Mbeya, juzi nimenunua tupa bapa mpya, kwenye kikaratasi chake imeandikwa BASTARD herufi kubwa na kwenye chuma karibu na mkia imegongwa ivo ivo. Sikujali maana tupa ni tupa. Sasa ikaja familia kuangalia geti lao, dogo wao anasoma hizi shule za ingilishi midiamu, akaishika akasoma kwa sauti akacheka, akamwambia kijana wangu wa kazi unajua umeshika tusi? Akamfafanulia kabisa kwamba ni mtoto wa nje ya ndoa, asiye na baba. Hakujua anaongea na nani. Huyu kijana nimemchukua kwa bibi yake, baba hajawahi kumwona, na mtaani hilo jina kaitwa kwa Kiswahili tangu anatambaa. Hakujibu kitu. Jioni namkuta na msasa anasugua yale maandishi, kasugua mpaka chuma kimeng'aa na herufi bado zinaonekana.
Naombeni kujuzwa, kwanini watengenezaji waandike tusi kwenye kifaa cha kazi? Nataka nimweleze kitu cha kweli, sio kumbembeleza.

Mtoto wa Uyole
Mkuu hiyo ni daraja ya meno. VETA tulifundishwa tupa kwa ukali wa meno, kuna ya meno makubwa kabisa, inafuata hiyo basted, halafu sekendi kati (second cut), mwisho smuzi (smooth) ya kumalizia. Basted iko katikati, sio ya kuparuza sana wala sio laini, ndo maana ndo inayonunuliwa zaidi, ukitoka kukata na grainda unasafishia hiyo kwanza. Na ujue kitu kimoja, tupa ikiwa ndefu meno yake yanakuwa makubwa kuliko fupi ya daraja hilohilo, kwahiyo usije ukachukua ndefu ukategemea ikumalizie tundu la kitasa.

Mwalimu wa Kihesa
Fundi, umeniuma kweli na hiyo habari ya msasa. Ngoja nieleze ninavyojua.
Neno lilitoka Ufaransa ya zamani likaingia Uingereza na Wanormani. Wanaochunguza asili ya maneno wengi wanalipeleka kwenye "bast", yaani tandiko la punda wa mizigo. Wasafirishaji wa zamani walikuwa wakilala njiani wanatandika lile tandiko chini ndo kitanda, kwahiyo mtoto aliyepatikana safarini akaitwa mtoto wa tandiko, tofauti na mtoto wa kitanda cha ndoa. Wajerumani nao wana lao, Bankert, mtoto wa kwenye benchi. Angalia hapo, safari ni ya baba, tandiko ni la baba, jina kabebeshwa mtoto.
Na mwanzoni halikuwa la kutukania kila mtu, lilikuwa linataja hali ya mtu tu, hata kwenye nyaraka. William aliyevuka bahari kutoka Normandy akaiteka Uingereza 1066 alijulikana kama William Bastard, baba yake mtawala, mama yake Herleva hawakufunga ndoa. Ila usidhani halikumuuma. Inasimuliwa kwamba alipouzingira mji wa Alençon watu walipiga ngozi juu ya ukuta kuwadhihaki ndugu wa mama yake waliokuwa watu wa kazi za ngozi, alipoingia akawakata mikono na miguu.
Sheria ya Kiingereza ndo iliyoweka sumu. Mtoto wa nje aliitwa kwa Kilatini filius nullius, mtoto wa hakuna mtu, harithi kitu. Hata wazazi wakioana baadaye haikusaidia, mpaka sheria ya 1926. Jina linalokunyima shamba lazima ligeuke tusi.
Halafu likatanuka. Kitu chochote ambacho sio hiki wala sio kile kikaitwa hivyo, upanga wa mkono mmoja na nusu, mkate wa Ufaransa ulio kati ya mrefu na wa duara, na hiyo tupa yako. Na tusi lenyewe likasahau wazazi, leo Mwingereza akimwita mtu hivyo anamaanisha mtu mbaya tu. Sisi pia, ukisema funika kombe mwanaharamu apite, nani anauliza huyo mwanaharamu kazaliwaje?

Ng'ombe wa Tukuyu
Kumbe ni kama chotara. Huku Rungwe ng'ombe chotara ndo wa maziwa, na ndo anagombaniwa.

Mama Mafinga
Mwalimu nakushukuru ila hapo kwa Wazungu kusahau wazazi mimi nakataa. Mimi nimezaa nje ya ndoa, naandika wazi. Mwanangu akiitwa hivyo hawamaanishi mtu mbaya tu, wanamaanisha mimi. Hata sheria yetu ya mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa kuzaliwa kwake, kwahiyo fundi usimwambie kijana kwamba neno limepoa, mwambie tupa haikumtaja yeye, na yule dogo ndo aliyekosa.

Dereva Tunduma
Naongezea. Nimepeleka mzigo Namibia, kusini ya Windhoek kuna mji wa Rehoboth, wenyewe wanaitwa Baster, ni neno hilohilo la Kiholanzi. Mababu zao Wazungu wa Cape, huko Afrika Kusini, na mama zao Waafrika, walihamia hapo 1870. Nilimwambia mzee mmoja samahani sijui nawaitaje, akasema Baster, tena kwa sauti, akanionyesha nyumba ya baba yake.

Fundi Geti Mwanjelwa
Asanteni sana wakuu, mama Mafinga asante zaidi. Nimemsomea yote jana tukiwa tunafunga. Nimempa tupa tatu afumbe macho apitishe kidole, akaijua ya katikati mara ya kwanza. Ile stori ya mfalme kaniuliza, sasa waliendelea kumwita hivyo mpaka anakufa? Mwalimu nijibie.

Mwalimu wa Kihesa
Leo anaitwa William Mshindi, ila hilo jina la Mshindi lilienea baada ya kifo chake, akiwa hai wasiompenda walimwita lile la kwanza. Mwambie alikufa 1087 akiwa mfalme, na kiti kikarithiwa na mtoto wake.