Jozani na Paje siku moja: tuanze msituni au baharini?

Mama_Wawili
Asalaam aleikum. Jumamosi nataka kuwatembeza wageni wa bara pamoja na watoto wangu: msitu wa Jozani hapa Unguja, na ufukwe wa Paje tuogelee, turudi mjini kabla ya Magharibi. Gari tunayo. Tuanze wapi?

Kombo_Shamba
Waaleikum salaam. Jozani kwanza. Ni kama kilomita 35. Mkitoka saa moja, saa mbili mko getini. Kima punju, wale wekundu wa Zanzibar, asubuhi wanakula, adhuhuri hulala juu mitini, watoto wasione kitu. Chukueni vitambulisho, bei ya mwenyeji si ya mgeni. Viatu vya kufunika, maana chini ya miti ya mitondoo hapakauki. Ndizi ziacheni garini: tumbo la kima punju limezoea kuchachua majani, tunda bivu lenye sukari linamdhuru. Na kaeni mbali naye mita tatu, mafua yetu humwambukiza.

Pwa_na_Jaa
Kombo, bahari umeisahau. Paje haiogeleki saa yoyote. Dada, Jumamosi hiyo ni tarehe ngapi ya mwezi wa Kiislamu? Ikiwa 1 hadi 3, au 15 hadi 17, ni bamvuu, maji hupwa na kujaa sana: saa nne, saa tano asubuhi maji yameshakwenda mbali kuelekea mwambani, mmebaki na mchanga, vigingi vya mwani vya watu, na vidudu vya miba. Hujaa saa kumi jioni hivi. Kuanzia saa nane watoto wanaoga. Hapo mpango wa Kombo sawa.

Mama_Wawili
Tarehe 8.

Pwa_na_Jaa
Basi geuza. Hayo ni maji mafu, hayapwi wala kujaa sana, na yanajaa kama saa nne asubuhi. Piteni Jozani bila kusimama, ogeleeni saa tatu mpaka sita, mle, mswali, saa nane mrudi msituni. Ni njia hiyohiyo ya mjini, petroli haipotei. Msifike getini baada ya saa tisa. Nguo mbichi vueni Paje, vaeni suruali ndefu. Mbu wa Jozani hawana huruma. Mkiahirisha, hesabuni upya: maji husogea kama dakika 50 kila siku, wiki moja tu mambo yamepinduka.

Kombo_Shamba
Nakubali. Tena alasiri kima hushuka kula, na kwenye daraja la mbao la mikoko maji yatakuwa yanatoka, kaa wanaonekana matopeni. Karibu na geti punguzeni mwendo. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa.