Mnada haukufikia bei ya mwenye mali, halafu mzigo ukauzwa chini ya dau langu. Huu uhuni wa minada ya mtandaoni Mtwara na Lindi ukome

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nazungumzia hii minada ya WhatsApp na Facebook iliyojaa huku kwetu siku hizi, kuanzia Mtwara mjini, Masasi, Lindi mpaka Kilwa. Pikipiki, friji, jenereta, vyerehani, mashine za boti, kila kitu kinapigwa mnada kwenye simu. Mnada wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kinachofanyika pale mnada unapofungwa na bei ya chini ya mwenye mali, ile ambayo hauzi chini yake, haijafikiwa. Hapo ndipo watu wanachezewa.

Ilikuwa mashine ya boti, Yamaha 15, imetumika, mwenyewe ni mzee mmoja wa Mikindani. Admin akaiweka mnadani, akasema ipo bei ya chini ambayo haitajwi, mwisho wa kuweka dau Jumapili saa tatu usiku. Mimi chombo cha baharini sinunui kwa picha, kwa hiyo nikaenda kuiona. Mzee akaifunga kwenye pipa la maji uani kwake, kamba ikavutwa, ikawaka bila kubembelezwa, na maji ya kupozea yakatoka kwenye tundu lake kwa nguvu, yamenyooka. Gia inaingia mbele na nyuma bila kugonga. Panga moja la propela lilikuwa limemeguka kidogo nchani, basi, kasoro ndiyo hiyo tu. Tukaachiana namba za simu.

Mnada ulipofungwa, dau langu la 3,400,000 ndilo lilikuwa la juu. Aliyenifuatia aliishia 3,250,000. Admin akatangaza kwamba bei ya mwenye mali haijafikiwa, mali imeondolewa. Sawa, hiyo ni haki ya mwenye mali na sikuinua mdomo. Nikamwandikia admin pembeni kwamba dau langu bado lipo, amwambie mzee kama kuna pa kuongea tuongee. Akanijibu, "Mzee anatafakari, tulia kaka." Nikatulia. Hela ikakaa. Kilwa Masoko kulikuwa na mashine nyingine ya aina hiyohiyo, mwenyewe anataka 3,600,000 na anapunguza, nikamwomba anisubirie kwanza. Kasubiri mpaka kachoka, kamuuzia mtu mwingine.

Halafu naiona ile mashine ya Mikindani imefungwa kwenye boti ya jamaa kule Msanga Mkuu. Panga lilelile lililomeguka. Jamaa hana kosa, tena hakunificha: kainunua 3,100,000, admin ndiye aliyempeleka kwa mzee, na kwenye mnada hakuweka dau hata la shilingi mia.

Nikampigia mzee. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza kwa adabu zote kulikoni. Mzee akaduwaa. "Mwanangu, mimi niliambiwa wewe umeghairi, hela huna."

Laki tatu za mzee zimekwenda hivyo. Boti yangu iko juu ya mchanga na kaskazi imeshaingia, wenzangu wanatoka kila alfajiri. Na huyo admin nilipomuuliza mbele ya kundi zima akaandika kwamba mnada ulishafungwa, mali ni ya mwenyewe, anauza kwa anayemtaka. Wapambe wake wakamwekea dole gumba, na mimi nikatolewa kwenye kundi.

Sasa tuongee hilo la "mali ni ya mwenyewe", maana najua hata humu kuna watakaolileta.

Kisheria ni kweli na silipingi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema uuzaji wa mnada unakamilika pale mpiga mnada anapogonga nyundo au kwa namna nyingine iliyozoeleka, na kabla ya hapo mtu anaweza hata kuondoa dau lake. Mnada pia unaruhusiwa kutangazwa kuwa una bei ya chini. Bei hiyo isipofikiwa hakuna mkataba, mzee hanidai na mimi simdai. Lakini sheria hiyohiyo inamkataza mwenye mali kujiwekea dau au kumtuma mtu amwekee, isipokuwa haki hiyo iwe imetangazwa wazi. Maana yake hata waliotunga sheria walijua mnada unasimama kwa kuaminiana, na kwamba anayeweka dau lazima alindwe dhidi ya michezo. Mbona wapambe hamuinukuu sehemu hiyo?

Mtu anapoweka dau la juu anafanya mambo mawili. Anaonyesha mkono wake mbele ya watu wote, na anafunga hela yake. Mwenye mali hafanyi lolote kati ya hayo, bei yake imefichwa na mali iko uani kwake. Ndiyo maana mnada ukifungwa bila kufikia, mtu wa kwanza kuongea naye ni yule wa dau la juu. Unampigia, unamtajia bei yako ya chini waziwazi kwa sababu siri yake haina kazi tena, unamuuliza kama ataongeza au mkutane katikati. Unampa muda unaoeleweka, siku moja inatosha kwa watu wenye simu. Akikataa, unakwenda kwa wa pili. Wote wakikataa, unarudisha mali mnadani au unaiuza kokote unakotaka, na hakuna atakayekunyooshea kidole. Kitu kimoja tu hakifanyiki: kumpa mtu wa nje kwa bei ya chini kuliko dau lililokuwa mezani, bila hata kumuuliza aliyeliweka.

Hili si jambo nimelibuni mimi kwa uchungu. eBay ya Marekani, ambayo imekuwa ikiendesha minada ya mtandaoni tangu 1995, ina utaratibu kabisa wa hili. Bei ya chini isipofikiwa, muuzaji anaweza kumtumia mmoja wa waliokuwa wakishindana ofa ya nafasi ya pili. Bei inayowekwa ni lile dau la juu la mtu huyo mwenyewe, haizidi hata senti, na muda wa kujibu unachaguliwa: siku 1, 3, 5 au 7. Muda ukiisha, kila mtu yuko huru. Nyumba kubwa za mnada kama Christie's na Sotheby's nazo huificha bei ya chini, lakini haivuki makadirio ya chini ya thamani ya mali yaliyochapishwa kwenye katalogi, kwa hiyo mnunuzi anajua kwa mbali anapambana na nini. Kwenye makundi yetu hutajiwi hata makadirio. Unapiga dau gizani, ukikosa unaambiwa tulia.

Na sisi watu wa kusini hatuna kisingizio cha kusema mambo ya mnada ni mageni. Korosho zimetusomesha. Stakabadhi ghalani, ule utaratibu wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, imeanza huku Mtwara msimu wa 2007/08, na tangu hapo hata mtoto wa Tandahimba anajua bei ikikataliwa inakuwaje: wanunuzi wametaja bei zao, zimesomwa, wakulima wamekataa, mzigo unabaki ghalani unasubiri mnada unaofuata. Mnaikumbuka Oktoba 2018. Wakulima waligomea bei, mnada ukashindikana hadharani, mpaka Novemba serikali ya Magufuli ikasema itanunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba. Mtu anaweza kuusema msimu ule atakavyo, lakini kukataa bei kulifanyika mchana kweupe, kila mtu akijua nani kataja ngapi. Anayepita vichochoroni kuchukua mzigo kwa bei ya kutupa tunamjua anaitwa nani. Kangomba. Sasa kangomba wa korosho tunamkamata, kangomba wa mashine ya boti tunamwita admin na kumwekea dole gumba?

Jambo linaloniuma kuliko hata hiyo mashine ni hili. Watu wameshajifunza. Wiki iliyopita kwenye kundi jingine jenereta nzuri kabisa imemaliza mnada kwa bei ya aibu, na wanunuzi watatu ninaowafahamu walikuwa wanangoja tu ifungwe wamfuate admin pembeni. Nawaelewa. Kama kinachouzwa baada ya mnada kinauzwa chini ya dau la juu, ni nani mwenye akili atakayetaja bei yake ya kweli hadharani? Dau la mwaminifu linageuka kuwa kipimo cha kumsaidia mwingine apunguze. Na anayeumia kwanza ni mwenye mali mwenyewe, kama mzee wangu wa Mikindani, maana bei haipandi tena kwenye mnada wenyewe. Kundi linabaki kuwa ubao wa matangazo, na admin anakuwa dalali wa pande mbili anayekula kwa wote.

Wauzaji nao siwaachii. Mzee, kwa heshima yote, namba yangu ulikuwa nayo. Simu moja ilitosha. Mwenye mali akiambiwa "yule wa juu kaghairi", ampigie yeye mwenyewe amsikie kwa masikio yake. Usimwachie mtu wa kati asimame peke yake baina yako na hela yako.

Na wanunuzi, nanyi mna wajibu. Ukipigiwa baada ya mnada, jibu ndiyo au hapana siku hiyohiyo. Usishushe dau lako ulilolitaja mbele ya watu eti kwa sababu umegundua hukuwa na mpinzani wa maana. Usimzunguke mpiga mnada aliyefanya kazi yake kwa haki ili kumnyima kamisheni, kwa sababu mauzo yaliyotokana na mnada wake ni jasho lake hata kama yamekamilika siku ya pili.

Halafu kuna hawa matapeli. Ukikosa mnada tu, namba usiyoijua inakupigia: mwenye mali ameshuka bei, tuma advansi tukuwekee mzigo. Huko nje mchezo huu ni wa zamani, walioshindwa kwenye eBay walikuwa wakitumiwa barua pepe bandia za nafasi ya pili na kutakiwa walipe kwa Western Union. Huku kwetu unashamiri kwa sababu hakuna utaratibu unaojulikana. Kungekuwa na kanuni kwamba ofa ya baada ya mnada inatoka kwa admin yuleyule, ndani ya saa 24, na mwenye mali anapatikana kwenye simu, tapeli angekosa pa kuingilia.

Kwa hiyo ninyi mnaosimamia makundi ya minada Mtwara na Lindi, na najua mmo humu mnasoma, nataka majibu ya maandishi hapahapa. Mnada usipofikia bei, mnampigia nani kwanza? Mnampa muda gani? Mali ikiuzwa baadaye, mtatangaza kundini imeuzwa kwa bei gani, ili aliyekuwa juu aone kama alitendewa haki? Na kamisheni yenu mnakatwa kwa nani, kwa muuzaji, kwa mnunuzi au kwa wote wawili bila wao kujuana?

Atakayejibu hayo bila kuzunguka, nitaleta mnadani kwake nyavu zangu mbili na jokofu la samaki, na bei yangu ya chini nitaiandika wazi.